Wiki moja ya diwani, na boma lililokosa muhtasari

Boma lenyewe, jengo la zahanati ambalo halijamalizika, liko kando ya barabara ya vumbi, hatua kama mia mbili kutoka shule ya msingi. Kuta za tofali za kuchoma zimefika lenta, madirisha bado ni matundu, na ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia mvua imeotesha majani ya kufika magotini. Wanakijiji walilijenga kwa jasho lao. Kila kaya ilitoa shilingi 10,000 na siku mbili za nguvukazi. Wanaume walichimba msingi, wanawake wakasomba maji na mchanga. Kisha kazi ikasimama. Mjamzito wa kijiji kile bado anapanda bodaboda kilomita 14 kukifuata kituo cha afya cha kata jirani, na mvua ikinyesha hata bodaboda haipiti.

Kisa ninachokichambua ni cha wiki moja ya diwani wa kata hiyo. Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi, na nilipostaafu, mama huyu aliniomba nikae naye Jumatatu hadi Jumapili, nimwangalie anavyofanya kazi, halafu nimwambie ukweli. Ameniruhusu kuandika kwa sharti moja: nisimtaje jina, wala kata, wala wilaya. Ana miaka arobaini na kitu, alikuwa na duka la pembejeo kabla ya kuchaguliwa, na hiki ni kipindi chake cha kwanza. Kata ina vijiji vinne. Boma liko katika kijiji cha mbali zaidi kati ya hivyo, nitakiita kijiji cha boma.

Tulianza wiki ya pili ya Januari, na wakati huo una uzito wake. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Wananchi wanapanga vipaumbele katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, Halmashauri ya Kijiji inaviandika, Kamati ya Maendeleo ya Kata inavipitia, ndipo vinapanda kwa wataalamu wa halmashauri, kwenye kamati za kudumu na Baraza la Madiwani, kisha mkoani na TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Mradi ukikosa ngazi ya chini hauwezi kuokotwa juu. Halmashauri ilikuwa imezitaka kata zote ziwasilishe mihtasari ya vipaumbele kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambacho sote tunakiita WDC, kilikuwa kimepangwa Jumatano saa nne asubuhi. Diwani ndiye mwenyekiti wa kikao hicho, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe.

Kwa hiyo wiki ile ilikuwa na kazi moja kubwa. Zilizobaki zote zilikuwa shughuli na shida za watu.

Benchi la asubuhi

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, watu watano walikuwa wameshakaa kwenye benchi la mti wa mwembe nyumbani kwake. Diwani alitoka na kanga begani na kaunta buku jekundu mkononi. Daftari hilo nililipenda tangu nilipoliona: kila ukurasa una tarehe, jina la kijiji, aliyekuja, shida yake. Safu ya mwisho, aliyoiandika "Nimefanya nini", ilikuwa tupu katika kurasa nyingi.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye binti aliyechaguliwa kidato cha kwanza. Hana sare, hana madaftari. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na Januari mzigo huo huwaangukia wote kwa mpigo. Diwani aliingia ndani, akatoka na shilingi 30,000. Mama akapiga magoti kushukuru. Sikusema neno, ila niliandika. Serikali imekuwa ikielekeza watoto wapokelewe shuleni hata kama hawana sare, na kilichotakiwa pale ni simu moja kwa mkuu wa shule, mbele ya yule mama, ili aondoke akijua kwamba binti yake ana haki ya kuingia darasani leo. Kesho yake walikuja akina mama wawili wengine na shida ile ile. Keshokutwa, watatu.

Wakafuata ndugu wawili wanaogombea shamba la marehemu baba yao, kila mmoja na karatasi yake. Hapa diwani alikaribia kuteleza. Alianza kuuliza mpaka uko wapi, nani alilima mwaka gani, na nikaona wale ndugu wameshakaa kama walio mahakamani. Akajizuia mwenyewe. "Wanangu, mimi si hakimu. Nendeni Baraza la Ardhi la Kata." Alifanya vyema. Hata baraza lenyewe, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Wakishindwa kupatana wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Diwani akiamua shamba ni la nani, amejipatia adui wa kudumu na hajampa mtu hati.

Kijana wa bodaboda aliulizia mkopo wa asilimia kumi. Fedha hizo zinatokana na mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Zilisitishwa mwaka 2023, zikarejea mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Diwani alimpa jibu zuri na fupi: jikusanyeni kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, msajiliwe, msimpe mtu hela "ya kufuatilia". Kijana alirudi kwenye pikipiki yake akiwa na hatua ya kuchukua.

Wa mwisho ndiye aliyezaa matatizo ya wiki. Mzee mmoja alilalamika kwamba kalavati la njia ya kwenda kijiji cha boma limesombwa na maji. Diwani alikuwa anachelewa sehemu nyingine, ameshasimama, mkoba begani. Akasema: "Mzee wangu, hilo niachie mimi. Mwezi huu huu litatengenezwa."

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zinasimamiwa na TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo. Maji vijijini, tangu sheria ya mwaka 2019, yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wananchi wengi bado wanaamini diwani anaamuru greda lije na bomba lifunguliwe, kwa sababu kampeni zote zimejengwa juu ya barabara na maji. Diwani ana nafasi ya kueleza, kuandika na kusukuma: barua kwa meneja wa wilaya kupitia kwa mtendaji, picha ya kalavati, hoja kwenye baraza. Mamlaka ya kusema "mwezi huu" hana. Mzee yule hakutaka uongo. Angetosheka kuambiwa, "Mzee, leo tunaandika barua, nakala utaiona kwa mtendaji."

Nyanya na swali la bibi

Jumanne ilikuwa siku ya gulio. Diwani alikwenda kununua mboga, sukari na betri ya redio, na kuchukua gauni kwa fundi. Shughuli ya nusu saa ilichukua saa tatu, maana kila hatua kulikuwa na salamu, na kila salamu ilikuwa na kitu nyuma yake. Kuna madiwani wanaokwepa gulio kwa sababu hiyo. Huyu hakwepi, na namheshimu kwa hilo, kwa kuwa gulioni watu wanasema mambo ambayo hawayaleti ofisini.

Kwenye mafungu ya nyanya alikaa bibi mmoja kutoka kijiji cha boma. Diwani aliinama kidogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Bibi akamchagulia nyanya ngumu ngumu, moja moja, akizigeuza kutazama chini kama zina doa, na huku mikono ikifanya kazi akauliza: "Hivi mwanangu, mikutano ya kijiji chetu ilifutwa? Mimi tangu kabla ya mavuno sijasikia kengele."

Diwani akajibu, "Nitalifuatilia, bibi," akalipa, akaongeza fungu moja la kumuunga mkono, tukaendelea. Kaunta buku lilikuwa nyumbani.

Jioni nilimuuliza yule bibi wa nyanya alisema nini. Alimkumbuka vizuri, alikumbuka hata mjukuu wake anasoma wapi. Swali lake hakulikumbuka. Sikumlaumu, siku ile nilihesabu watu 43 waliomsimamisha. Lakini swali lile la bibi lilikuwa ndilo taarifa kubwa kuliko zote alizopokea wiki nzima, na lilipita mbele yake huku ameshika mfuko wa sukari.

Saa mbili usiku simu iliita. Mama mzazi wa mwenyekiti wa kijiji cha boma amefariki. Maziko ni kesho, Jumatano, saa nane mchana.

Jumatano

Hakuna diwani anayekosa msiba wa mama wa mwenyekiti wake, wala haistahili akose. Wakati huo huo, kikao kikiahirishwa, muhtasari hautafika halmashauri Ijumaa. Watu wawili walimpigia simu usiku ule wakimshauri asogeze kikao hadi wiki ijayo, "kata nzima iko msibani". Alikaa kimya kwa muda, akampigia mtendaji wa kata, wakakubaliana kikao kirudi nyuma hadi saa moja na nusu asubuhi, na kila mjumbe apigiwe simu usiku huo huo. Akampigia pia mfiwa, akampa pole, akamweleza kuhusu kikao na kumwomba mtendaji wa kijiji chake alete nyaraka zote. Kwangu huo ulikuwa uamuzi bora wa wiki. Ulilinda heshima ya msiba, ulilinda kikao, na hakuna aliyepata habari kwa kusikia kwa jirani.

Asubuhi akidi ilitimia. Wenyeviti watatu walikuwepo, diwani wa viti maalumu anayeishi kwenye kata alikuwepo, na walimu na wataalamu wa ugani na afya walikaa nyuma kama waalikwa. Vijiji vitatu viliwasilisha vipaumbele vyao pamoja na mihtasari ya mikutano mikuu: matundu ya vyoo, chumba kimoja cha darasa, kisima. Zamu ya kijiji cha boma ilipofika, mtendaji wa kijiji aliweka mezani muhtasari safi, umepigwa muhuri, wajumbe 17 wamesaini. Mtendaji wa kata aliusoma, akaugeuza nyuma, akaurudia tena mbele.

"Huu ni wa Halmashauri ya Kijiji," akasema. "Wa Mkutano Mkuu uko wapi?"

Haukuwepo. Mtendaji wa kijiji alieleza kwamba mkutano uliitwa mara mbili na akidi haikutimia. Kwa nini haikutimia? Akatazama chini. Mwalimu mmoja wa nyuma ndiye aliyesema: watu wamesusa. Tangu watoe zile 10,000 hawajasomewa mapato na matumizi, na mkutano wa kila robo mwaka unaotakiwa kuwasomea haujakaa. Wanasema hawaendi kuchangishwa tena kabla ya kuambiwa fedha za kwanza zilikwenda wapi.

Nilimwona diwani anapapasa mkoba wake kama anayetafuta kitu. Nadhani lile swali la bibi lilimrudia wakati ule.

Mwenyekiti mmoja akatoa njia ya mkato. "Mheshimiwa, boma tunalijua wote, shida ya wajawazito tunaijua wote. Tupitishe, muhtasari utakuja baadaye." Wengine wakaitikia. Ilikuwa rahisi kukubali, na nia yao ilikuwa njema. Diwani alikataa. Alisema vijiji vitatu vimekaa juani na wananchi wao mpaka wakapata mihtasari, na hawezi kuwaambia kwamba jua lile lilikuwa la bure. Boma halikuingia kwenye orodha. Kikao kilifungwa saa nne kasoro.

Nimeulizwa na wenzangu kadhaa kama uamuzi ule haukuwa ugumu wa karatasi mbele ya uhai wa watu. Swali ni la haki, na nililitafakari sana. Serikali imekuwa ikitoa shilingi milioni 50 kukamilisha boma moja la zahanati, na kiasi hicho hakimalizi kila kitu. Kwa kawaida kijiji bado kinatakiwa kusomba mchanga, mawe na maji. Kijiji kilichosusa mkutano hakitasomba mchanga. Fedha zingefika, zikakutana na watu waliokasirika, na boma lingebaki na mabati juu na manung'uniko chini. Zaidi ya hapo, katika Ibara ya 146 Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndiko madaraka hayo yanakokaa. Ukiuruka kwa sababu ya jambo jema leo, kesho utarukwa kwa sababu ya jambo baya, na hutakuwa na pa kusimamia.

Saa nane alikuwa makaburini, kanga kichwani, kati ya wanawake wa kijiji kile kile alichokuwa amekiacha nje ya orodha asubuhi. Alitoa rambirambi shilingi 20,000 na kutoa salamu za kata kwa dakika mbili, bila kugusa siasa. Jioni mwenyekiti mfiwa alikuwa ameshapata habari za kikao. Alimshika mkono wakati wa kuagana na hakusema kitu.

Safari kumi na moja

Usiku ule tulikaa na kaunta buku. Nilimwomba atafute kila siku aliyokwenda kijiji cha boma tangu Septemba. Tulihesabu pamoja, kidole juu ya mstari: misiba minne, harusi mbili, mahafali ya darasa la saba, fainali ya mpira wa vijana, ugeni wa kiongozi wa wilaya, harambee ya kanisa, maulidi. Safari kumi na moja. Katika kurasa zote hizo hakuna mstari hata mmoja unaosema, "Nimeuliza mkutano mkuu ulikaa lini."

Hapo ndipo kilipo kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Kuna wanaosema madiwani wanapoteza muda kwenye harusi na misiba na kuacha kazi. Sikubaliani nao. Diwani asiyezika na watu wake hawajui. Shida ya mama huyu haikuwa kwamba alikwenda mara kumi na moja. Alikwenda mara kumi na moja kama mgeni wa heshima, akakaa kiti cha mbele, akatoa mchango wake, akarudi. Swali moja kwa mwalimu, kwa mganga wa kienyeji, kwa mama muuza maandazi, lingemwambia mwezi Oktoba kile alichoambiwa Januari mezani kwa WDC. Oktoba kulikuwa na muda wa kurekebisha.

Na tuliongea kuhusu mfuko. Wiki ile aliombwa fedha mara 19 na akatoa jumla ya shilingi 137,000. Diwani hana mshahara. Ana posho ya mwezi na posho za vikao, na mama huyu duka lake sasa linaendeshwa na mdogo wake. Alikiri kitu ambacho nakiheshimu: kutoa hela ni rahisi kuliko kuuliza. Ukitoa unaitwa mama wa watu. Ukiuliza mapato na matumizi, mwenyekiti ananuna, mtendaji ananuna, na kwenye uchaguzi hao ndio wenye sauti. Rambirambi aendelee kuzitoa, huo ni utu. Sare, nauli, vocha na "hela ya sabuni" ni jambo lingine, kwa sababu kila noti inayotoka inamfundisha mwananchi kwamba haki yake iko mkobani mwa diwani.

Alhamisi nitaipitia haraka. Kulikuwa na kikao cha wazazi shule ya sekondari kuhusu chakula cha mchana, na katikati ya hoja mzee wa kalavati akasimama akasema mbele ya watu mia na zaidi kwamba diwani ameahidi kalavati mwezi huu. Makofi yakapigwa. Diwani angeweza kuyapokea. Alisimama akasema: "Jumatatu nilimjibu mzee vibaya. Kalavati si langu kutengeneza. Barua imeandikwa leo asubuhi, nakala iko ubaoni kwa mtendaji, na nitawaambia jibu likija au lisipokuja." Minong'ono ilikuwepo. Mzee mwenyewe, nilipomfuata baadaye, alisema afadhali sasa anajua amwangalie nani.

Ijumaa tulipanda basi dogo la saa kumi na moja alfajiri hadi makao makuu ya halmashauri. Mkobani alikuwa na muhtasari wa WDC, na pamoja nao barua tatu za watu, cheti cha kuzaliwa kilichokosewa herufi, na pesa za mama mmoja za kununulia dawa ya presha ambayo haipatikani kijijini. Muhtasari ulipokelewa saa tatu asubuhi, ukagongwa muhuri wa mapokezi, akapiga picha ya ule muhuri kwa simu. Kisha alikaa na afisa mipango na kuuliza boma lina njia gani nyingine. Akaambiwa wazi: Mfuko wa Jimbo upo, kamati yake inaongozwa na mbunge, mapato ya ndani yapo, yakitosha, na mwaka ujao upo. Njia zote zitauliza swali lile lile la kwanza, wananchi wamekaa na kukubali?

Mifuko arobaini

Jumamosi asubuhi, kabla ya harusi aliyokuwa amealikwa, alikwenda kijiji cha boma bila gari la mtu na bila msafara. Alikaa matangani na mwenyekiti kwa muda mrefu, wakaongea ya marehemu. Kisha akamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini boma halikupita. Akamwuliza saruji ya Mfuko wa Jimbo iko wapi, ile mifuko 40 iliyoletwa mwaka uliopita. Mwenyekiti akamwita mtunza stoo, naye akaja na funguo.

Stoo ni chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Bati moja limetoboka, na chini yake sakafu ilikuwa na doa jeusi la maji. Mifuko ilikuwa imepangwa vizuri juu ya mbao, safu nne. Diwani aliweka kidole gumba kwenye mfuko wa kwanza, ukabonyea. Wa pili ukabonyea. Kwenye safu ya chini ya lile bati, kidole hakikuingia. Alipiga kwa kiganja, ukalia kama jiwe. Waliihesabu wote, mmoja mmoja, mtunza stoo akitaja kwa sauti: 23 mizima, 17 imeganda.

Hakuna mfuko ulioibiwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa miezi yote ile kijiji kilikuwa kinanong'ona kwamba saruji imeuzwa, na watu wazima wanne wenye funguo walikuwa wanajua haikuuzwa, wakaona aibu kusema imeganda. Mkutano mmoja ungeyamaliza yote mawili, uvumi na aibu, na bati lingezibwa mapema.

Diwani hana mamlaka ya kuuitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hilo ni la mwenyekiti na halmashauri yake. Aliomba tu. Alisema atakuja kukaa kwenye majani kama mwananchi mwingine, na kama watu watamkasirikia yeye kwa sababu ya orodha ya Jumatano, wamkasirikie akiwepo. Mwenyekiti aliomba arobaini ya mama yake ipite kwanza. Wakapatana tarehe.

Jumapili alikwenda ibadani, akalala mchana kwa mara ya kwanza wiki ile, na jioni akanionyesha kaunta buku. Alikuwa ameongeza safu moja kwa rula na kalamu ya bluu, karibu na jina la kijiji: "Mkutano wa mwisho lini?"

Nilirudi siku ya mkutano. Kengele ya shule iligongwa saa mbili, na kufikia saa nne chini ya miembe miwili hapakuwa na kivuli kilichobaki. Mtendaji wa kijiji alisoma mapato na matumizi kwa sauti iliyoanza kutetemeka na kisha ikatulia: kaya zilizotoa, kaya ambazo bado, tofali, fundi, mbao. Alipofika kwenye saruji aliinua kichwa na kusema mifuko 17 imeganda kwa kuvujiwa na stoo. Kulikuwa na kelele, na hazikuwa kidogo. Mwanamume mmoja alitaka mtunza stoo alipe, mwingine akauliza kwa nini hawakuambiwa mapema, na mwenyekiti akajibu, "Tulikosea." Kelele zilidumu kama nusu saa. Baada ya hapo mtu akauliza mchanga usombwe lini.

Diwani alikuwa amekaa kwenye majani, miguu ameinyoosha, kati ya akina mama. Hakuhutubia. Daftari la mahudhurio lilipomfikia alisaini kwenye mstari wake akalipitisha kulia, kwa bibi wa nyanya. Bibi hajui kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakitazama, kisha akauliza kama kimeonekana vizuri.